Kangaga limekaa juu ya mti na jina halipatikani: angalia tatizo liko wapi

Mvua za masika zikishakolea watu wanaanza kuinua vichwa juu, kila mmoja anaona kitu cha kijani kimekaa kwenye mwembe nyuma ya nyumba au kwenye mchikichi wa bondeni, anapiga picha anatuma, hili kangaga gani? Na mara nyingi jibu la haki ni kwamba kwa picha ile hakuna mtu anaeweza kulijua, hata awe bingwa wa mimea wa chuo kikuu. Tatizo tunapiga picha jani kwa juu, na jani kwa juu ndo sehemu inayodanganya kuliko zote, linabadilika kwa umri, kwa kivuli, kwa ukame, halafu kuna spishi ambazo hazina hata udugu wa karibu na majani yao yanafanana mpaka unachoka.

Kwa hivyo hapa nimeyapanga matatizo kama yanavyokuja, unachokiona, kwanini kinatokea, na ufanye nini. Sikupanga kwa majina ya mimea maana mtu aliekwama jina hana.

Kwanza mpango wa kuangalia, huu ushike kabla ya chochote. Anza na lile shina linalotambaa juu ya gome, raizomu, liangalie ni nene au jembamba, lina magamba au lina nywele, za rangi gani, na majani yametoka pamoja sehemu moja au yameachana achana. Halafu geuza jani uone chini, spora zimekaaje, yaani lile vumbi la uzazi la kangaga linalokusanyika kwenye vidoti au mistari. Halafu liinue jani kwenye mwanga wa jua uone mishipa yake, imeungana wavu au kila mmoja umekwenda zake. Umbo la jani liwe la mwisho kabisa. Najua ni kinyume na vile macho yanavyotaka, lakini fanya hivyo tu. Ukiwa na lenzi ndogo ya mkono ya kukuza mara kumi, rula na bahasha chache za karatasi umekamilika, simu unayo tayari.

Apu ya simu inakupa jina jengine kila ukipiga picha

Sababu iko wazi, apu inalinganisha picha na picha, na ukiipa jani tu bila ya kitu chengine inachagua chochote chenye jani kama lile, liwe la Brazil liwe la Australia. Siilaumu, hata mimi ukinipa jani peke yake nitababaika.

Piga picha nne badala ya moja. Mmea mzima pamoja na mti ulioshikilia, raizomu kwa karibu, chini ya jani kwa karibu kabisa na rula pembeni, na jani likiwa limeinuliwa kwenye jua mishipa ionekane. Weka na mahali, maana kujua kwamba ni Ngezi au ni bustani ya hoteli Nungwi kunabadilisha hesabu yote. Mmea ulioota wenyewe ndani ya msitu wa Ngezi huko kaskazini magharibi ya Pemba halafu apu ikakwambia ni spishi ya Amerika Kusini, hapo tia shaka kwanza. Ila mmea kwenye kijungu cha barazani unaweza ukawa umetoka popote duniani, huko usishangae na chochote.

Shina moja, majani ya aina tatu

Hili ndo linasumbua watu wengi zaidi Unguja na Pemba kwa sababu mmea wenyewe ni wa kawaida sana pwani. Unafuata shina linavyotambaa juu ya gome, hapa unakuta jani zima halina mkato hata mmoja, mbele kidogo jani lina vidole vitatu, mbele zaidi vidole saba na zaidi. Mwanafunzi anaandika spishi tatu kwenye daftari na anakuwa na uhakika kabisa.

Ni mmoja. Jina lake Microsorum scolopendria, na majani yake machanga yanatoka mazima, yanakuja kukatika vidole mmea ukikomaa na ukipata mwanga. Kwenye kivuli kizito unaweza ukakuta mmea umejaa majani mazima tu na watu wanaapa ni kitu chengine. Kipimo ni kimoja, fuata shina kwa kidole kutoka jani mpaka jani, kama shina halikukatika basi ni mmea mmoja, umekwisha ubishi.

Baada ya hapo thibitisha. Raizomu ni ndefu, inatambaa mbali, magamba yake meusi na ni machache machache, na majani yameachana. Jani ni gumu kidogo na linang'aa. Chini kuna vidoti vikubwa vya duara vimejipanga pande mbili za mshipa mkubwa, na vidoti hivyo vimezama ndani ya jani kiasi kwamba ukigeuza upande wa juu unaona vipele vimejitokeza pale pale vilipo. Pitisha kidole juu ya jani, utavihisi. Ukishavihisi mara moja hutolikosea tena hili kangaga maisha yako.

Jambo jengine linalochanganya, hili linaota juu ya mti na linaota juu ya mawe vile vile. Ukienda uwandani kule upande wa mashariki wa Unguja, kwenye mawe ya matumbawe yasokuwa na udongo wa maana, unaweza ukalikuta limetandaa juu ya jiwe. Basi mtu anasema hili si epifiti kwa vile liko chini, anatafuta jina jengine. Epifiti maana yake linakaa juu ya mmea mwengine bila ya kuunyonya, na spishi nyingi zinazoweza maisha hayo zinaweza na ya jiwe, kwa sababu gome na jiwe kwa mizizi ni kitu kile kile, sehemu ya kushikilia na maji yanayopita haraka. Kwa hivyo mahali ulipolikuta andika, lakini usilitumie peke yake kulipa jina.

Majani ya kahawia yamefunika mizizi, unadhani limekufa

Tafadhali usiyabandue! Naliweka hili kwa nguvu kwa sababu nimeona mimea mizuri mno imeharibiwa na mtu aliekuwa "anasafisha".

Kuna makangaga yanatoa majani ya aina mbili kwa makusudi. Platycerium ndo maarufu, lile lenye majani yanayogawika mfano wa pembe za mnyama. Majani ya pembe ndo yanayobeba spora. Majani mengine ya duara yamejibandika kwenye gome, yanaanza kijani halafu yanakauka yanakuwa kahawia na yanabaki pale pale, kazi yake ni kufunika mizizi, kushika maji na kukusanya majani yanayoanguka kutoka juu ambayo yakioza ndo mbolea ya mmea. Ukiyabandua umeuvua nguo mmea na umeunyima chakula. Huko bara kuna Drynaria, nazo zina majani mafupi yasiyo na spora ambayo yanakauka na kubaki kukusanya taka, mbali na yale marefu ya kijani. Mtu akikuonesha picha ya jani moja tu la Drynaria, mrudishe akapige na la pili.

Sasa Platycerium gani? Duniani ziko karibu spishi 18 na Afrika ukiacha Madagascar inazo tatu tu, kwa hivyo kazi si kubwa. P. alcicorne (P. hapa ni kifupi cha Platycerium) ndo ya pwani ya Afrika Mashariki, Komoro na Madagascar, majani yake ya pembe yanagawika na yanasimama kwenda juu, na yale ya kubandika ni ya duara yasiyo na mikato juu. P. elephantotis haina pembe kabisa, majani yake ni mapana na makubwa, ukiona hayagawiki ujue ni hiyo. Ya tatu P. stemaria ni ya Afrika Magharibi na Kati, huku kwetu usiianze nayo. Tatizo lenyewe linakuja kwenye mimea ya kununua, kwa sababu ile ya Australia P. bifurcatum kwa muda mrefu imekuwa ikiuzwa duniani kwa jina la alcicorne. Angalia majani ya kubandika, kwenye bifurcatum mara nyingi ule upande wa juu umechanika chanika vidole. Kama kibandiko cha dukani kinasema alcicorne na majani ya kubandika yana vidole, usiamini kibandiko.

Vidoti vya kahawia chini ya jani: spora au wadudu?

Hapa pana faida kubwa kwa hivyo nitakaa kidogo.

Watu wa aina mbili wanaangukia hapa. Wa kwanza anaona vidoti vya kahawia anadhani ni ugonjwa, anatia dawa, na kumbe mmea mzima wa afya ulikuwa unazaa. Wa pili anaona wadudu gamba, wale wadogo wanaojibandika kwenye mmea kama vidoti, anafurahi anasema spora hizi, anapiga picha, anatafuta jina kwa mpangilio wa wadudu. Wote wawili wanakwenda kombo.

Spora zina mpango. Hata zikiwa zimetawanyika, jani moja na jani la pili la mmea ule ule zinakaa sehemu zile zile, ukubwa mmoja, na karibu kila mara upande wa chini. Wadudu gamba hawana mpango, mmoja mkubwa mwengine mdogo, wanapenda kujipanga kwenye mshipa mkubwa na kwenye kikonyo, wengine wako juu ya jani, na ukimkwangua kwa ukucha anabanduka mzima akiacha doa, pengine na utomvu unaonata, na ukiona sisimizi wanapanda na kushuka hapo basi jibu umelipata.

Kama bado una shaka fanya jaribio la bahasha. Kata kipande cha jani lenye vidoti, kiweke ndani ya bahasha ya karatasi nyeupe, upande wenye vidoti uelekee chini, funga, iache ndani ya nyumba pakavu usiku kucha au siku mbili. Kila kidoti kina vifuko vingi vidogo sana, kila kifuko kina mstari wa seli zenye kuta nene upande mmoja, zikikauka zinajikunja nyuma halafu zinafyatuka ghafla na kurusha spora nje. Kwenye makangaga mengi kifuko kimoja kina spora 64. Ukifungua bahasha ukakuta vumbi laini limemwagika kwenye karatasi, hizo ni spora, na rangi ya vumbi nayo ni alama, kwa Microsorum vumbi ni la manjano, kwa Asplenium ni la giza. Wadudu hawatoi vumbi. Iandike bahasha tarehe na mahali, usiitupe, ni kielelezo kizuri hicho.

Na ukiwa na lenzi angalia jambo moja zaidi, je kidoti kina kifuniko au kiko wazi? Kifuniko ni ngozi nyembamba sana juu ya vifuko, ikizeeka inanyauka kwa hivyo tafuta jani ambalo spora zake bado changa. Familia ya Polypodiaceae, ambayo ndani yake mna Microsorum, Platycerium, Pyrrosia na Drynaria, haina kifuniko kabisa. Asplenium, Davallia na Nephrolepis zinacho. Kwa swali hilo moja tu umeshaigawa orodha yako karibu nusu kwa nusu, na hukulitazama hata umbo la jani.

Umegeuza jani na hakuna kidoti hata kimoja

Sababu zinaweza kuwa tatu. Mmea bado mchanga. Au jani uliloshika ni la aina isiyozaa, kama yale ya kubandika ya Platycerium. Au, na hii ndo inayokamata wengi, spora zipo ila unatafuta vidoti wakati hazikukaa kama vidoti.

Kwa Platycerium ni zulia zima la kahawia kwenye ncha za pembe, linaonekana kama doa la moto. Kwa Asplenium ni mistari, inafuata mishipa ya pembeni. Kwa Davallia ziko ukingoni kabisa mwa jani ndani ya vikombe vidogo vidogo, inabidi uangalie ncha za vijani. Makangaga yenye majani membamba yanayoning'inia kama nyasi, kundi la Vittaria na Haplopteris, yanaficha spora kwenye mstari unaokwenda karibu na kingo mbili za jani, mtu asiejua anapita anadhani ni nyasi zimeota kwenye tawi. Na Microsorum punctatum ina vidoti vidogo mno vilivyotapakaa ovyo, kwa jicho tupu unaona vumbi vumbi tu.

Kama kweli hakuna, weka alama mti ule urudi baada ya mvua. Kuna vitu huwezi kuvilazimisha. Na vile vijani vidogo sana vya kijani vyenye umbo la moyo vinavyoota kwenye ukuta wa kisima au gome bichi, hivyo ni hatua ya kwanza ya maisha ya kangaga kabla hata ya mmea wenyewe kutoka, na kwa macho huwezi kujua ni vya spishi gani, usipoteze muda.

Majani makubwa mazima yametoka kwa duara, kiota

Mtu akiona hivi anasema moja kwa moja Asplenium nidus. Inaweza kuwa kweli, mmea huo unapatikana kuanzia Afrika Mashariki mpaka visiwa vya Pasifiki na unapandwa sana mabustanini. Lakini Microsorum punctatum nayo ina majani mazima marefu yaliyosongamana, na kwa mbali juu ya mti hazitofautishiki.

Tofauti hizi hapa. Kwa Asplenium nidus mishipa ya pembeni inatoka kwenye mshipa mkubwa inakwenda sambamba bila ya kuungana mpaka karibu na ukingo, na spora ni mistari juu ya mishipa hiyo inayofika takriban nusu ya njia. Kwa M. punctatum ukiliinua jani juani unaona wavu. Hilo peke yake linatosha.

Ila niseme ukweli wa mambo, hata ukifika kwenye A. nidus hujafika mwisho wa kamba. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliipa jina mwaka 1753, na utafiti wa DNA umeonesha kwamba kinachoitwa kwa jina hilo ni kundi la koo kadhaa zinazofanana kwa sura. Kwa kazi ya kawaida andika Asplenium nidus, na kwa kazi ya chuo andika kundi la Asplenium nidus. Hiyo ndo heshima kwa mmea.

Jani lina manyoya laini chini

Hili fupi. Tia lenzi. Kama kila unywele umegawika kuwa nyota, uko kwa Pyrrosia au Platycerium, hizi mbili ni ndugu wa karibu na nywele za nyota ndo alama yao. Jani dogo nene zima ni Pyrrosia.

Liko kwenye mti, lakini je ni epifiti? ni kangaga kweli?

Mchikichi ukiutazama shina lake pale makuti ya zamani yalipokatwa, kila kitako cha kuti ni mfuko wa udongo na taka, na humo mnaota kila kitu. Linaloota sana humo ni Nephrolepis biserrata, majani marefu yanayoning'inia, yenye vijani vilivyojipanga pande mbili mpaka mwisho. Hili linaota na chini ardhini pia bila ya shida. Spora zake ni vidoti vya duara vyenye kifuniko, viko karibu na ukingo. Ndugu yake N. cordifolia wa bustanini anatoa viazi vidogo kwenye nyuzi zake za chini ya ardhi, na vijani vyake vimebanana vinapandiana juu ya kikonyo. Chimba kidogo, ukikuta viazi jibu unalo, ukivikosa endelea na alama nyengine. Na lile kangaga refu gumu la ukingoni mwa mikoko, Acrostichum aureum, hilo ni la ardhini kwenye matope ya maji ya chumvi, halimo kwenye hesabu hii hata kama tawi la mkoko limelala juu yake.

Maua je? Ukiona ua, hata kavu, hata tunda, si kangaga, imekwisha. Okidi nyingi zinakaa juu ya miti vile vile na bila ya maua zinachanganya watu, angalia zina mizizi minene ya rangi ya fedha iliyo wazi hewani, na chini ya jani hamna spora milele. Kinyume chake kuna Psilotum nudum, ambao ni vijiti vya kijani vinavyogawika mbili mbili, hauna majani ya maana wala mizizi ya kweli, una vitufe vya manjano pembeni mwa vijiti, na huo DNA imeonesha kwamba uko ndani ya ukoo wa makangaga. Kwa hiyo usiutoe kwenye orodha kwa vile sura yake haifanani.

Na jambo ambalo naliona kubwa kuliko majina yote. Wakulima Pemba wanakwangua makangaga kwenye mikarafuu ya wazee wao wakisema yananyonya mti. Kangaga halinyonyi. Mizizi yake inashika gome tu, maji linapata kwa mvua na chakula kwa vumbi na majani yaliyooza. Tawi likikauka na juu yake kuna kangaga, tafuta sababu kwenye mizizi, kwenye ugonjwa, kwenye ukame. Lile linalonyonya kweli utalijua, lina shina la mti, lina maua, na pale linapokutana na tawi pamevimba kwa sababu limeingia ndani ya mbao. Hilo ondoa. Kangaga liache, isipokuwa limekuwa zito mno kwenye tawi bovu juu ya paa la mtu.

Kitabu kimoja kinasema hivi, chengine vile

Umefika kwenye jina, unafurahi, unafungua kitabu cha pili unakuta jina jengine. Hujakosea. Chukua lile kangaga letu la vipele. Mtaalamu wa mimea Burman alilielezea mwaka 1768 kama Polypodium scolopendria, mwenzake Copeland akalihamishia Microsorum mwaka 1929, mwaka 1973 Pichi Sermolli nae akaunda jenasi (kundi linalotajwa na neno la kwanza la jina) ya Phymatosorus akalitia humo, na kwenye vitabu vya katikati utalikuta na Phymatodes. Mmea haukusogea hata hatua moja. Neno scolopendria ndo limebaki lile lile kila pahala, kwa hivyo ukikwama fuata neno la pili la jina uone kama linajirudia. Na majina ya watu yanayoandikwa baada ya jina la mmea, lile lililo ndani ya mabano ndie wa mwanzo alielielezea, aliye nje ya mabano ndie aliehamisha.

Platycerium nayo hivyo hivyo, ukikuta P. vassei ni alcicorne, ukikuta P. angolense ni elephantotis. Angalia jina linalokubaliwa sasa kwenye tovuti ya Plants of the World Online ya bustani ya mimea ya Kew huko Uingereza, bure, na majina ya zamani yameorodheshwa chini yake. Kwa familia na jenasi mpango unaofuatwa na wengi ni ule wa mwaka 2016 unaoitwa PPG I, ambao umehesabu zaidi ya spishi 10,000 za makangaga duniani. Na ukitaka kujua kama spishi imeshaandikwa kwetu, tafuta kwenye Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 ikamalizika 2012. Humo Tanzania bara imegawiwa T1 mpaka T8, halafu Z ni Unguja na P ni Pemba, mbali mbali. Wengi wanaruka herufi hizo mbili wakidhani ni vifupisho vya uchapaji. Pia kumbuka kwamba herufi kutokuwepo maana yake hakuna alieleta kielelezo tu, mmea wenyewe unaweza ukawa upo siku zote.

Jani limejikunja, limekauka, halisomeki

Januari na Februari, jua la kaskazi, hili la kawaida. Makangaga kadhaa ya juu ya miti yanajikunja yakikosa maji na yanafunguka tena mvua ikinyesha, hayajafa. Chukua jani moja ulitie kwenye bakuli la maji masaa kadhaa halafu lisome. Baadhi ya Davallia zinaangusha majani kabisa inabaki raizomu nene yenye manyoya imelala juu ya tawi, hapo huna la kufanya ila kungoja. Ukiweza kuchagua, tafuta wakati wa masika au vuli, na sehemu yenye unyevu, msitu wa Jozani pale maji ya ardhini yako karibu, au Ngezi, au Masingini karibu na mjini.

Umefanya yote na bado

Basi unahitaji kielelezo. Ndani ya Jozani, Ngezi na hifadhi nyengine huchukui kitu bila ya kibali cha idara ya misitu, hilo halina mjadala. Kwenye shamba lako au la jirani alieridhia, kata jani moja lenye spora, na jani moja lisilo na spora kama yapo ya aina mbili, pamoja na kipande kifupi cha raizomu chenye magamba yake. Bila ya raizomu mtaalamu atakurudisha. Lipange jani moja lionekane juu na jengine chini, libane ndani ya magazeti, weka uzito juu, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke, maana kwa unyevu wetu huu ukilisahau siku mbili limeota ukungu.

Kwenye karatasi andika tarehe, kijiji, aina ya mti ulioshikilia, urefu kutoka ardhini, kama pana kivuli au jua, na rangi ya raizomu ikiwa mbichi kwa sababu ikikauka rangi inapotea. Wapelekee wa hebariamu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na zile picha nne na bahasha ya vumbi la spora. Na ukikuta mmea uko mmoja tu kwenye eneo zima, acha raizomu pale ilipo, ipige picha ya karibu yenye rula na chukua ncha ya jani lenye spora, hiyo kwa leo itatosha.